Wakili wa Mbeya na LinkedIn: wasifu uandikwe vipi?

Swali (Mbeya): Mawakili wasomi, habari za kazi. Ofisi ni ndogo, ipo Mwanjelwa, kesi nyingi ni za ardhi na mirathi. Wasifu wa LinkedIn uandikwe vipi bila kuvunja miiko ya kujitangaza?

Jibu (Iringa): Msomi, mstari ulio chini ya jina ndio unaobeba mzigo. Unaruhusiwa herufi 220, ila kwenye simu yanaonekana maneno machache ya mwanzo tu. Anza na kazi na mahali: "Wakili, ardhi na mirathi, Mbeya". "Wakili bora Nyanda za Juu Kusini" futa kabisa. Huko ni kuwinda wateja, na kanuni za maadili ya mawakili za 2018 zitakubana. Jina liandike lilivyo kwenye Roli ya Mawakili (orodha rasmi ya mawakili), maana mtu akikutafuta e-Wakili, mfumo wa Mahakama wa kuhakiki mawakili mtandaoni, asikuone, atakudhania kishoka (wakili bandia).

Jibu (Njombe): Naongezea upande wa machapisho. Picha ya hati ya mteja usiweke hata ukifuta jina: namba ya kiwanja, kitalu na kijiji vinatosha jirani kumtambua. Chukua hukumu iliyoko TanzLII (tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania), eleza hoja moja kwa aya tatu, weka kiungo. Moja kwa wiki inatosha.

Jibu (Iringa): Kweli kabisa. Halafu programu ikiomba kupakia namba zote za simu yako, kataa. Humo mna wateja. Kama ulishakubali, ingia kwenye mipangilio, zima usawazishaji (upakiaji wa namba unaojirudia wenyewe) kwanza, ndipo ufute namba hizo. Ukifuta bila kuzima, zinarudi.