Ukoo wa Bibi, Ujiji na Gungu

*Jumanne*

Shangazi Zuhura, 20:04: Asalaam alaykum nyote. Natoka kwa Rehema sasa hivi. Binti hatembei, anaburuza miguu. Mimba wiki ya 31 na bado anateka maji mwenyewe, anapanda na ndoo kile kilima cha Gungu. Nataka majina. Nani analala kwake wiki hii, nani wiki ijayo?

Shangazi Zuhura, 20:33: Naona mmesoma. Watu 14.

Baba Mdogo Hamisi, 20:40: Waalaykum salaam. Mimi nitaleta migebuka na mawese, mjamzito ale 😂

Shani, 20:41: Migebuka utaitoa wapi na mbalamwezi hii baba?

Baba Mdogo Hamisi, 20:41: Kibirizi hawanikosi

Shangazi Zuhura, 20:42: Samaki baadaye! Rehema sema mwenyewe.

Rehema, 21:02: Shikamooni wakubwa zangu. Inauma hapa mbele kwenye mfupa wa kinena, na nyuma juu ya makalio. Nikijigeuza kitandani nasikia mifupa inalia. Kuvaa nguo nimesimama siwezi tena. Leo nimekaa kwenye mbuzi nikakuna nazi, kuinuka ilikuwa machozi. Sikutaka kuwasumbua.

Tatu, 21:05: Dada, nijibu haraka. Umeona damu au maji yakitoka? Tumbo linakaza na kuachia? Homa je? Mkojo unachoma? Mtoto anacheza?

Rehema, 21:07: Hakuna hata kimoja. Anacheza mpaka nakosa usingizi.

Tatu, 21:15: Alhamdulillah. Basi ni nyonga, na si wewe peke yako, karibu mjamzito 1 kati ya 5 hupitia hayo. Mimba inalegeza kano zinazofunga mifupa ya nyonga, tumbo nalo linavuta mbele, ndiyo maana viungo vinauma ukitembea. Mtoto hadhuriki. Shida yako ni kila kinachotenganisha magoti. Mbuzi achana nayo kabisa, umekaa umepanua miguu halafu unasukuma kwa nguvu! Bodaboda pia. Panda bajaji, tanguliza makalio, kisha ingiza miguu yote miwili kwa pamoja. Nguo vaa umekaa. Kitandani lala ubavu, weka mto katikati ya magoti, na ukigeuka yabane magoti ugeuke mzima mzima.

Baba Mdogo Hamisi, 21:16: Mto gani, Malagarasi? 😂😂

Shani, 21:16: 😂😂😂

Juma wa Kasulu, 21:17: Baba Mdogo jamani 🤣 huo hautoshi kitandani

Tatu, 21:20: Baba nilikuwa naandika la muhimu. DADA USINYWE diklofenaki wala ibuprofeni, hata duka la dawa wakikupa. Parasetamoli inaruhusiwa, kwa kipimo watakachokwambia kliniki. Na usikubali kukandwa tumbo. Kitambaa cha uvuguvugu mgongoni sawa. Ukiona moja ya yale niliyokuuliza, usisubiri asubuhi.

Shangazi Zuhura, 21:24: Mmesikia? Ndoo hakuna. Kliniki ni Alhamisi, aombe aandikiwe aonwe na mtaalamu wa viungo. Nauli ya bajaji kwenda na kurudi, nani? Na majina bado nasubiri. Wifi Mwanne, wewe uko karibu.

Mama Mkubwa Mwanne, 21:50: Niko karibu ndiyo. Hata mimba ya Shabani mlikuwa karibu. Nilitambaa kwenda chooni miezi 2, mkasema nadeka. Na wewe Zuhura ulikuwepo siku ile ya pipa.

Shangazi Zuhura, 21:52: Wifi, ya pipa tuliyamaliza.

Mama Mkubwa Mwanne, 21:52: Mliyamaliza ninyi.

Rehema, 21:58: Mama Mkubwa nisamehe kama ni kwa ajili yangu 🙏

Mama Mkubwa Mwanne, 21:59: Si wewe mwanangu.

Shabani, 22:20: Bibi nimemsomea yote. Kasema niandike kama anavyosema: "Mwanne, neno la kudeka lilitoka kwangu. Zuhura alikuwa mdogo, alilirudia tu. Mimi mwenyewe mimba ya Hamisi nilitambaa, mama mkwe akanicheka, nikadhani ndivyo mwanamke anavyofunzwa. Nilikukosea, na sijawahi kukwambia. Rehema asibebe maji tena. Kesho mnipeleke Gungu nikae naye. Ndoo siiwezi, lakini nazi bado nakuna."

Mama Mkubwa Mwanne, 23:04: Nimesikia mama. Alhamisi nampeleka kliniki mimi.

*Jumatano*

Idrisa, 05:48: Shikamooni. Nipo Kalya, mtandao ulikata. Shangazi asanteni. Rehema hakuwahi kuniambia kama ni hivi. Natuma nauli leo. Narudi boti ikipatikana.

Shangazi Zuhura, 05:50: Marahaba. Bibi ana miaka mingapi mwamwachia kile kilima? Nani anamsindikiza? Na nani anateka maji?

Baba Mdogo Hamisi, 06:10: Bibi nampakia mimi saa 4. Maji leo nitateka. Kesho sijui.

Shangazi Zuhura, 06:11: Kesho nani?

Tatu, 06:30: Dada umelalaje?

Rehema, 06:41: Nimeweka mto. Nimegeuka mara 2 tu, sikulia.

Shangazi Zuhura, 07:15: Wiki ijayo bado hakuna jina. Juma?

Shangazi Zuhura, 09:02: Juma naona uko hewani.