Mahakama ya makasisi Hispania: je, mshtakiwa alikuwa salama kuliko kwa hakimu wa mfalme?

Nanga: Nauliza kwa nia njema. Kumbukumbu za Baraza la Kuhukumu Wazushi Hispania, yaani mahakama ya makasisi kwa walioshukiwa kupotoka imani ya Kanisa, 1540 hadi 1700, zina kesi zaidi ya 44,000. Waliouawa hawafiki asilimia 2. Mahakama gani ya kifalme ilikuwa na rekodi hiyo? Tena Kanisa lenyewe halikumuua mtu.

Mtepe: Hilo la mwisho lifute, mkuu. Makasisi walimkabidhi mtu kwa dola pamoja na ombi la kumhurumia, huku kila mtu akijua anapelekwa motoni. Hakimu wa mji akikataa kumchoma, yeye naye anahesabiwa mlinzi wa wazushi.

Nanga: Nimesema kisheria. Na aliyetubu dakika ya mwisho alinyongwa kwanza, ndipo mwili ukachomwa.

Bi Kilua: Kunyongwa kwanza ndiyo huruma? Mnagombania nani aliwasha kuni, mnaacha yaliyotangulia. Mtu anakamatwa, mali yake inaorodheshwa na kuzuiwa, na chakula chake cha gerezani kinalipwa kwa mali hiyohiyo. Kosa haambiwi. Anaonywa mara tatu aungame, ndipo asomewe mashtaka yaliyofutwa majina ya mashahidi. Njia yake ni kutaja maadui zake wote; akimpata aliyemchongea, ushahidi ule unaporomoka. Akimsahau jirani mmoja, kwisha habari yake.

Mtepe: Ongeza mateso. Kitambaa mdomoni, maji yanamiminwa juu yake. Au kamba zinakazwa mikononi na miguuni. Ungamo lilipaswa kuthibitishwa baada ya saa 24, nje ya chumba kile. Akilikana, wanasema mateso yalisimamishwa tu, hayakuisha, wanaendelea. Ndivyo walivyoikwepa kanuni ya kumtesa mtu mara moja tu.

Nanga: Wafalme nao walitesa. Mbona hamsemi ya wachawi? Logroño, mji wa kaskazini mwa Hispania, mahakama hiyo ilichoma 6 mwaka 1610. Mwaka uliofuata Salazar, mmoja wa mahakimu walewale, akazunguka jimbo jirani la Navarra akapokea maungamo ya watu 1,802, wengi watoto, asipate ushahidi wa uchawi hata mmoja. Mwaka 1614 Baraza Kuu, lililosimamia mahakama hizo zote, likabana kesi za uchawi. Ujerumani waliendelea kuchoma kwa maelfu.

Jahazi: Ujerumani ipi? Würzburg na Bamberg, walikouawa mamia, watawala walikuwa maaskofu!

Nanga: Walihukumu kama watawala wa nchi, Jahazi, si kama maaskofu.

Jahazi: Mtu mmoja, kiti kimoja. Alivua kofia gani?

Bi Kilua: Ndugu Nanga, hesabu yako inaanzia 1540. Sevilla walianza kuchoma 1481, na miaka 50 ile ya kwanza, dhidi ya Wayahudi waliobatizwa na watoto wao, ndiyo iliyoua zaidi. Na walioachwa hai? Vazi la aibu alilovishwa aliyehukumiwa lilitundikwa kanisani pamoja na jina lake. Likichakaa, linashonwa jingine, ili hata wajukuu wanyimwe vyeo. Hao wako wapi kwenye asilimia 2 yako?