Nimepata kazi kwa bibi wa Kiyahudi, Golders Green. Nijue nini kabla ya Ijumaa?

Kutoka: Mgeni wa Luton

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za baridi.

Nimepata kazi ya kulala hukohuko, kumtunza bibi wa miaka tisini na kitu, Golders Green, London. Naanza Jumatano. Ni Wayahudi wa kushika dini kwelikweli. Wakala kanipa karatasi moja: nisiingize nyama ya nguruwe, nisiguse taa siku ya Sabato. Basi, kwisha. Mimi Mlutheri wa Bukoba. Sabato ninayoijua ni ya majirani zetu Wasabato, na wale taa wanawasha. Aliyewahi kukaa nyumba hizi anisaidie, nisije nikaharibu wiki ya kwanza.

Kutoka: Mama Wawili

Marahaba mwanangu. Nimekaa nyumba hizo miaka kumi na moja, mabibi watatu na babu mmoja, wote nimewasindikiza mpaka mwisho.

Tuanze jikoni, maana ndiko utakakokosea kwanza. Torati inakataza mara tatu kumtokosa mwanambuzi katika maziwa ya mama yake, na kwa neno hilo nyama na maziwa havikutani kabisa. Kila kitu ni jozi: sinki mbili, sufuria, visu, mpaka vitambaa vya kufutia. Nyumba nyingi nyekundu ni ya nyama na buluu ya maziwa. Kule hata mwiko una mwiko wake. Bibi akila kuku mchana usimpelekee chai ya maziwa ukidhani unamtendea wema. Wengi husubiri saa sita, wenye asili ya Ujerumani saa tatu, wa Uholanzi saa moja. Muulize kwao ni wapi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kisu. Nilikata jibini kwa kisu cha nyama, nikakiosha harakaharaka nikakirudisha kwenye droo. Bibi alikuwa ameniona kupitia kioo cha kabati. Hakugomba kwa ajili ya kisu, aligomba kwa kuwa nimeficha. Mwanawe akampigia simu rabi, yaani mwalimu wao wa dini, jibu likatoka kabla maji ya chai hayajachemka: fanya hivi na hivi, mambo yamekwisha. Kwa hiyo ukikosea, sema palepale. Wana jibu la karibu kila kosa, mradi walijue.

Na moto usiwashe wewe. Kama unampikia, mwombe yeye azungushe kitufe cha jiko, kisha endelea kupika mwenyewe. Chakula kilichopikwa na asiye Myahudi peke yake wanakikataa, ila kwa wenye asili ya Ulaya inatosha Myahudi akishiriki kuwasha. Wale wa Irak au Moroko mara nyingi watataka sufuria waiteleke wenyewe. Mayai vunja moja moja kwenye glasi. Ukiona tone la damu, mwaga. Mboga za majani angalia jani kwa jani, mdudu ni haramu kuliko unavyodhani. Chakula chako omba kona yako, na sufuria yako nenda nayo.

Divai ya Ijumaa, kama haijapashwa moto kiwandani, usiimimine na chupa iliyofunguliwa usiiguse. Mara ya kwanza roho iliniuma, nikaona nafanywa najisi. Bibi alinieleza ni sheria ya zamani za divai kumwagwa mbele ya masanamu, haihusiani na mikono yangu. Nimeielewa. Kuipenda, hapana.

Sasa Sabato. Inaanza Ijumaa kabla jua halijazama. Desturi iliyoenea ni mishumaa kuwashwa dakika 18 kabla ya magharibi, na inatoka Jumamosi zikionekana nyota tatu. Sisi wa saa ya Kiswahili hatuna taabu, maana nasi siku yetu inaanza jua likizama, na mtu wa pwani akisema usiku wa Jumamosi anaelewa ni huohuo wa Ijumaa yao. Taabu ni London yenyewe. Desemba mishumaa inawashwa kama saa tisa u nusu alasiri, hujamaliza hata kuosha vyombo. Juni jua linazama saa tatu na ushee usiku, bibi ana njaa na usingizi pamoja.

Ijumaa asubuhi ndiyo siku yako ya kukimbia. Chakula kiive na kikae juu ya bamba la umeme ambalo halizimwi mpaka kesho. Maji ya chai yachemshwe kwenye chombo kinachoyaweka moto. Taa ziwekewe taima. Balbu ya friji ilegezwe, la sivyo ukifungua mlango umewasha taa. Karatasi za chooni zichanwe mapema, maana kuchana nako kumo katika hesabu. Vifaa vya masikioni viwe vimewashwa tayari, usije ukamwacha bibi kiziwi mpaka kesho jioni.

Hesabu yenyewe ni ya kazi 39, zilizochukuliwa katika ujenzi wa ile hema ya ibada jangwani. Usipime kwa jasho. Kusogeza meza nzito ndani ya nyumba si lazima iwe kosa; kuwasha njiti moja ya kiberiti ni kosa. Kubeba kitu nje barabarani kumo pia, na ndiyo maana tangu 2003 eneo hilo la London limezungushiwa nguzo na nyaya, wenyewe wanaita eruvi, ili ndani yake mtu aweze kubeba mtoto au kusukuma kiti cha magurudumu. Wapo wasioitegemea. Uliza kabla hujamtoa bibi nje.

Kitu kitakachokuchanganya ni hiki: kwa kawaida hawezi kukuambia "washa taa". Ijumaa yangu ya kwanza bibi alisema, "Chumba hiki leo kina giza." Nikajibu, "Kweli bibi, giza sana." Tukakaa. Baadaye akasema, "Na wewe unasoma, macho yako yataumia." Nikamwambia macho yangu ni mazima, nashukuru. Maskini, tulikaa gizani mpaka nikapata haja ya kutafuta miwani yangu, nikawasha, akacheka mpaka akakohoa. Mishna, mkusanyo wa sheria zao za mapokeo uliokusanywa karibu mwaka 200, inasema asiye Myahudi akiwasha taa kwa haja yake, Myahudi ataitumia nuru hiyo. Akiiwasha kwa ajili ya Myahudi, hapana. Mgonjwa wa kitandani yeye amelegezewa, anaweza kukuagiza wazi. Na bibi yako, kwa umri huo, huenda rabi wake ameshamwambia hivyo. Ila usijitie kuwa mufti, uliza.

Kutoka: Mpemba wa Stamford Hill

Assalaam alaykum, na wasio Waislamu amani kwenu.

Mama Wawili kasema, lakini kaacha lililo kubwa. Mgeni, bibi akianguka, akishindwa kupumua, akishika kifua: piga 999, simu ya dharura, papo hapo, Sabato au si Sabato. Usitafute ruhusa. Sheria yao inasema shaka tu ya hatari ya roho inaiondoa Sabato, kwa kuwa imeandikwa mtu ataishi kwa amri hizo, nao wakasoma: aishi, si afe kwazo. Kitabu chao cha sheria kinamsifu anayeharakisha, na anayesimama kuulizauliza kinamhesabu kama anayemwaga damu. Huku kwetu kuna Hatzola, wahudumu wa dharura wa Kiyahudi wa kujitolea tangu 1979, na magari yao yanakwenda mbio usiku wa Ijumaa watu wametoka sinagogi wanayapisha. Mimi ni nesi wa usiku. Nilimwona kijana mmoja ambaye sijawahi kumwona akigusa swichi siku ya Sabato. Baba yake alipokakamaa, simu aliidaka kabla yangu.

Jingine dogo. Ukiwa mwanamume usimpe mkono mama mwenye nyumba, na mkibaki wawili mlango usifungwe. Kwetu hilo si geni. Na Pasaka yao isikukute na chapati chumbani, chochote cha ngano kilichoweza kuchachuka kinatoka nje kabisa. Sembe ni hadithi nyingine: wenye asili ya Ulaya hawali mahindi siku hizo nane, wenye asili ya Uarabuni wengi wanakula, na wote wawili ni Wayahudi safi. Mfuko wangu wa sembe ulifungiwa kabatini kwa gundi ya karatasi, nikala viazi mpaka nikaota ugali.

Kutoka: Mgeni wa Luton

Ahsanteni sana. Nimeonyeshwa faili lake leo. Moyo umechoka, na daktari hatarajii mwaka. Sijawahi kufiwa na mgonjwa. Ikitokea akawa mikononi mwangu, na ni Sabato, nafanyaje?

Kutoka: Mama Wawili

Mwanangu, ulize mapema, wakati bibi bado anacheka. Ulize kama kuna karatasi ya matakwa yake, nani amepewa mamlaka ya kumsemea kwa daktari, na rabi wao ni nani. Familia hizi haziamui peke yao; rabi anaulizwa kuhusu mrija, kuhusu oksijeni, kuhusu kurudishwa hospitali. Wewe huamui. Wewe ndiye unayejua alilala vipi, na watakuuliza.

Wanavyoshika ni hivi: aliye katika kukata roho ni hai kwa kila hali, na maisha yake hayafupishwi hata kwa dakika. Wanamfananisha na mshumaa unaokaribia kuzimika, ukiugusa tu umezima. Kwa hiyo kumgeuzageuza ili shuka likae vizuri, acha. Dawa ya maumivu anapewa, wengi wa marabi wameiruhusu mradi nia ni kumtuliza. Upande wa pili, hawalazimiki kuizuia roho inayotaka kwenda. Rabi Moshe Isserles wa Kraków, aliyefariki 1572, aliandika kwamba kama karibu na nyumba kuna mpasua kuni na kelele zake zinamchelewesha mgonjwa, ruhusa kuinyamazisha kelele ile. Na Israel, katika sheria ya mgonjwa wa mwisho ya 2005, hawakukubali mashine ya kupumulia izimwe, wakakubali iwekewe taima, kama za taa zao za Sabato. Ikifika muda wake ikajizima, mgonjwa aliyetaka hivyo haiwashwi tena. Mtu wa nje ataona ni ujanja. Mimi naona ni watu wanaoogopa mkono wao wenyewe, na woga huo siudharau.

Bibi yangu wa pili alinisimulia habari iliyomo katika Talmudi, kitabu chao kikubwa cha mijadala ya sheria, akasema hii ni yako wewe. Rabi Yehuda, yule aliyeikusanya Mishna, alikuwa anakufa, wanafunzi wakawa wanaomba bila kunyamaza ili asife. Mtumishi wake wa kike naye alipanda juu ya dari akaombea apone. Kisha akaona jinsi anavyoteseka kwenda chooni na kurudi, kwenda na kurudi. Akageuza dua yake. Wale hawakunyamaza, basi akachukua mtungi akautupa chini kutoka juu. Kwa mshtuko wakanyamaza kidogo, na roho ikatoka. Marabi wa karne zilizofuata wanapobishana juu ya kumwombea mgonjwa apumzike, wanamtaja yeye. Waliokuwa ukumbini walijua vitabu. Aliyemwona akihangaika na choo ni mmoja.

Huyo bibi alikwenda Jumamosi. Saa kumi alfajiri pumzi ilibadilika. Nilimpigia mwanawe, simu ikaita ikakatika, maana siku hiyo hawapokei. Nesi wa usiku alibaki naye, nikatoka kwenye mvua, nikapotea, nikagonga mlango si wenyewe. Nilipompata alikuja mbio kwa miguu, kanzu ya kulalia chini ya koti. Bibi alimsubiri, alikata roho jua limeshatoka. Hakumwosha mtu wala kumsogeza. Mwanawe alikaa naye na zaburi mchana kutwa, hatukumwacha peke yake, mpaka zilipotoka nyota. Ndipo akawasha mshumaa kichwani pake, akashika simu.

Ikifika hapo usimtengeneze maiti wewe. Wanakuja wanawake wao, wanamwosha na kumvisha sanda nyeupe ya kawaida, tajiri na maskini sawa. Wanazika upesi, mwaka 2018 Mahakama Kuu ilisema ofisa mmoja wa uchunguzi wa vifo London alikosea kukataa kabisa kuangalia haja hiyo ya dini. Waislamu walinufaika vilevile. Matanga ni siku saba, wafiwa kwenye viti vifupi. Ukienda usianze kuongea, waache waanze wao. Maua usipeleke.

Wiki hii ulizia mwanawe anakaa nyumba namba ngapi, na uende kwa miguu mchana.

Kutoka: Mgeni wa Luton

Nimekwenda. Dakika kumi na mbili, kuna kona moja ya kupoteza. Bibi amenionyesha droo za miko, na amesema mimi ndiye nitakayeona giza kwanza.