Tupeane uzoefu: ulisomaje kompyuta chuoni bila kuwa na kompyuta?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kapangiwa chuo, digrii ya sayansi ya kompyuta, na kilio chake cha kwanza ni laptop. Nikacheka, halafu nikajikumbuka. Naanza mimi, nanyi mfuate.

Niliingia chuo 2010 nikitokea PCM (fizikia, kemia na hisabati), shule ya bweni yenye kompyuta moja, nayo iko ofisini kwa mkuu wa shule, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Siku ya kwanza maabara tukakuta mashine za Linux, skrini nyeusi. Tukagawiwa vikaratasi vya majina na nywila. Jina nikaandika, likaonekana. Nywila nikaandika, kimya. Nikabonyeza kwa nguvu, kimya. Nikahama mashine, nikahama tena. Kwenye ya nne dada mmoja akaniuliza natafuta nini, nikamwambia kibodi za hapa zote mbovu. Alicheka mpaka akashikilia meza. Kumbe pale nywila haionekani hata kwa vinyota. Unaandika hivyo hivyo gizani, unabonyeza Enter, unaingia.

Maabara ilikuwa ya kugombania, mashine moja watu watatu, na jioni kufuli. Nikanunua kaunta buku ya kwaya tatu. Kila programu ya C, lugha ya kompyuta tuliyofundishwa, niliiandika kwanza kwa peni pale kimbwetani, kisha naichorea jedwali: safu ya i, safu ya jumla, safu ya kinachotoka kwenye skrini. Naipitia mstari kwa mstari, mashine ni mimi. Nikipata zamu maabara ni kuchapa tu.

Aibu haikuniacha lakini. Wiki ya tano skrini ikanijibu Segmentation fault. Kwa Kiingereza changu cha bweni nikajua nimevunja kitu cha chuo na bumu langu, hela ya mkopo wa chuo, litakatwa. Nikatoka taratibu, siku tatu sikukanyaga pale. Kosa lilikuwa alama moja, & niliyoisahau kwenye scanf, amri ya C ya kupokea unachochapa. Bila hiyo hujaipa programu anwani ya kuweka namba, umeipa namba iliyokuwemo. Nayo inaichukulia kuwa anwani, inakwenda kuandika uwanja wa watu, mfumo unaitimua.

Mtihani ulikuwa wa karatasi. Wenye laptop waliozoea kusahihishwa na mashine walisaga meno, mimi nikapata A. Laptop yangu ya kwanza nilinunua mwaka wa tatu, mtumba, Kariakoo.

Haya, mwingine.

Mzee wa Kadi
Wanangu, nyie mmekula raha. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Miaka michache baadaye mimi nikapata skolashipu ya Moscow, na kozi niliyopangiwa ikawa hiyo hiyo ya kompyuta! Mwaka mzima wa kwanza Kirusi, kisha kazi.

Programu ilikuwa bunda la kadi za kutobolewa. Kadi moja mstari mmoja, safu 80. FORTRAN, lugha ya programu ya enzi hizo, unaanzia safu ya 7. Herufi ikiteleza ikaingia ya 6, mashine inadhani ni mwendelezo wa mstari wa juu. Unakabidhi bunda dirishani, majibu kesho. Umekosa koma? Kesho kutwa.

Siku moja bunda langu, kadi mia tatu na ushee, likanimwagikia kwenye ngazi zenye barafu. Mama mmoja wa pale dirishani akaja kuniokotea, akanipa siri ya mjini: zikishakaa sawa, chora mstari wa mshazari kwa kalamu ubavuni mwa bunda. Zikimwagika, unazipanga mpaka mstari urudi. Niliporudi nyumbani nilipangiwa kufundisha hisabati sekondari. Kompyuta na mimi tukakutana tena nikiwa na mvi.

Mama Zuu
Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya kadi nimeisoma mara mbili.

Frateri Mstaafu
Mimi kabla ya kompyuta nilisoma Kilatini, seminari. Tukikariri nomino asubuhi kama nyimbo, kila moja na miisho yake. Wenzangu chuoni waliogopa sarufi ya C, mimi nikaona nafuu: angalau haina ablativo, ule mwisho wa nomino wa "kwa" na "kutoka".

Kilichonikwaza ni mpangilio. Kilatini ukisema *puella puerum amat* au *puerum puella amat*, msichana bado ndiye anayempenda mvulana, maana mwisho wa neno unakuambia nani ni nani. Nikaleta uungwana huo kwenye C. Badala ya x = 5, yaani weka 5 ndani ya x, nikaandika 5 = x, nikijua itanielewa. Haikunielewa. Halafu nikajifunza kuwa if (x = 5) inaielewa, lakini vibaya: inaweka 5 ndani ya x na kusema ni kweli kila mara. Usiku mzima ulinipotelea hapo.

Faida moja ilibaki: maneno. Cursor ni mkimbiaji, virus ni sumu, data ni vilivyotolewa. Wenzangu waliyakariri, mimi yalikuwa majirani wa zamani.

Akinyi wa Nairobi
Sisi tulikuwa wanne kwa laptop moja hosteli. Zamu yangu ilikuwa saa nane usiku hadi saa kumi. Mpaka leo nikiandika kodi mchana nasinzia. Na kijijini wakishasikia unasoma kompyuta, umekwisha: shangazi aliniletea redio. Nikamwambia mimi nasomea programu. Akasema sawa, basi itengeneze hiyo programu ya redio.

Mama Zuu
😂 Mimi niliambiwa nifufue feni.

Mwaka wa Kwanza
Shikamooni. Mimi ndio nipo humo sasa hivi. Naandika Python, lugha nyingine ya programu, kwenye simu. Kioo kimepasuka pale pale penye kitufe cha nukta mbili, na Python bila nukta mbili huandiki if wala for. Nimeihifadhi moja kwenye noti za simu, nainakili kila nikiihitaji. Jana nimeinakili mara 41, nilihesabu.

Mleta mada
Marahaba dogo. Ile ya Kariakoo ninayo bado. Betri imekufa, inaishi kwa waya tu, na chaja lazima uikunje kidogo kulia la sivyo haipeleki moto. Mdogo wangu kaikataa, eti nzito. Niandikie inbox uko mkoa gani, niiweke kwenye basi.

Mzee wa Kadi
Nauli ya mzigo juu yangu.