Naomba ushauri: kilori cha kubebea farasi wawili

Habari zenu ndugu na wakubwa. Niko Entebbe, nina farasi wawili wa kupandisha watoto kwenye sherehe, na wateja wengi sasa wanatoka Kampala na Jinja. Nimekuwa nikikodi lori la ng'ombe. Linakula faida yote, na farasi mmoja akisikia ile harufu hagusi hata ngazi.

Nimeona Canter ya mtumba ya tani 2, dizeli, bei naiweza kwa shida. Fundi ameikagua: injini nzima, chesisi haina kutu. Farasi nakadiria kilo 400 kila mmoja, hesabu inakubali, ila bado uzito wa bodi, ngazi na mtu wa kuwashika. Tena mzigo huu una miguu, ukihama upande mmoja kwenye kona gari lote linayumba.

Sasa, chini ya mpira wa sakafu niweke mbao nene au bati la chuma? Mbao huozeshwa na mkojo, chuma huteleza. Na wasimame wakitazama mbele, au kimshazari? Aliyewahi kuunda bodi kama hii hapa Uganda, hata ya ng'ombe, anisaidie kabla sijalipa.