Tupeane uzoefu: santuri au kanda gani hutaitupa, na kwa nini?

Wakuu habari za Jumapili.

Mzee wangu alifariki akaacha boksi la santuri, zile ndogo za inchi 7 zinazozunguka mara 45 kwa dakika, nyingi za dansi na rumba za miaka ya 70. Mimi nyimbo hizohizo nilikuwa nasikiliza kwenye simu tu. Mwaka jana nikapata mashine ya mtumba, fundi akabadilisha mkanda na sindano, nikaweka ya kwanza. Jamani! Wimbo unafika katikati sauti inafifia, kimya, inabidi unyanyuke ugeuze ndo magitaa yaanze kuchemka. Maana upande mmoja unabeba dakika nne tano hivi, kwa hiyo wimbo mrefu walikuwa wanaukata, sehemu ya kwanza maneno, ya pili watu wacheze. Kwenye simu wameunganisha, pale pa kusubiri hapapo. Bimkubwa akaniambia mzee alikuwa akishageuza tu anamnyooshea mkono wacheze. Tumeishi nyumba moja miaka yote sikuwahi kujua hilo.

Leteni za kwenu.

*Mdau wa Tanga:*
Mi kanda mkuu. C60, ile kaseti ya dakika 60, niliyorekodi redioni, kidole kwenye kitufe, mtangazaji akaingilia mwishoni kutaja saa, hadi leo nikiusikia huo wimbo kwingine naisubiri sauti yake haiji. Siku moja deki ikaimeza, nikaichomoa taratibu nikaizungusha kwa kalamu ya Bic, ikakatika, nikaunga kwa selotepu. Kuna neno moja limepotea hapo na nshazoea kuimba bila hilo neno.

*Mdau wa Uingereza:*
Mimi mtu wa rock. Ninayo singo ya bendi ya Arctic Monkeys ya 2005, inchi 7, lebo huru ya Domino, ilishika namba moja huku. Wale vijana wa Sheffield walikuwa wanachoma CD za demo wenyewe wanazigawa bure kwenye shoo zao, mashabiki ndo wakazipandisha mtandaoni. Watu husema mtandao uliwatoa, sawa, ila kilianza kisahani mtu kapewa mkononi akarudi nacho nyumbani.

*Mleta mada:*
Mdau wa Tanga hiyo kanda usiiguse tena, iache na selotepu yake. Na mwenye kujua wanapouza sindano hapo Kariakoo aniambie, yangu imeanza kukwaruza na Bimkubwa ameshaniuliza mara mbili Jumapili hii tunaweka ipi.