Sauti ya shimo jeusi naweza kuipigia biti?

biti_za_usiku: Wakuu, nilisikia ile sauti ya shimo jeusi waliyoitoa NASA 2022, inanguruma balaa, nataka niisampo kwenye ngoma yangu ila jamaa yangu ananiambia ni feki eti angani hakuna sauti, kweli?

mzee_wa_fizikia: Sio feki mkuu. Lile kundi la galaksi la Perseus limejaa gesi ya moto, shimo jeusi la katikati linaisukuma gesi inatoa mawimbi ya mgandamizo, na hayo ndo sauti yenyewe. Shida iko chini mno, ikabidi waipandishe oktavu 57 na 58 ndo sikio lipate kitu. Kwahiyo mawimbi ni ya kweli ila hicho unachosikia kimepikwa kidogo.

kinanda_mbovu: Mi ningeachana na Perseus nichukue ya LIGO, ile mitambo ya Marekani inayonasa mawimbi ya mvutano, ile ya 14 Septemba 2015 waliponasa mashimo meusi mawili yalivyogongana, inaanza kama 35 Hz inapanda mpaka 250 hivi ndani ya sekunde 0.2, hata oktavu huongezi. Data wanatoa bure, chuja kelele, geuza iwe faili la sauti la WAV, nyoosha kidogo ikae juu ya kiki (lile dundo la besi la biti) 😂

biti_za_usiku: Nimejaribu sasa hivi kwa simu mbona nasikia "wup" tu?

kinanda_mbovu: Spika ya simu haiwezi besi hiyo bana, vaa hedifoni